Gemu "inateleza" kwa nani? Fremu 30, 60 na 240

Ukisoma orodha ya kompyuta zinazofaa kwa Valorant, gemu ya kulenga shabaha ambayo Riot Games waliitoa mwaka 2020, utakuta viwango vitatu badala ya kimoja. Ukitaka fremu 30 (yaani picha 30) kwa sekunde, grafiki za ndani ya prosesa za Intel HD 4000, teknolojia ya mwaka 2012, zinatosha. Ukitaka 60, tafuta kadi ndogo ya grafiki ya GT 730. Ukitaka 144 na kuendelea, nunua GTX 1050 Ti. Gemu ni ileile na ramani ni zilezile. Walioitengeneza walijua tangu mwanzo kwamba wachezaji wao hawadai kitu kimoja, wakaliandika hilo wazi.

Ubishi wa mitaani hauko wazi kiasi hicho. Mmoja anasema 30 inamtosha na gemu inateleza vizuri tu. Mwenzake anasema chini ya 144 hata hawezi kushika kipanya. Kila mmoja anamwona mwenzake mwongo, na kumbe wote wanasema kweli. Shida ni kwamba wanabishana kwa kutumia FPS (fremu kwa sekunde), namba inayoficha mambo mawili ambayo mkono na jicho huyahisi: fremu moja inakaa muda gani, na je, zote zinakaa muda sawa?

Fremu ni picha moja kamili iliyochorwa na kadi ya grafiki. Idadi ya picha inazomaliza kuchora kwa sekunde ndiyo FPS. Monita nayo ina mwendo wake, yaani mara ngapi kwa sekunde inabadilisha picha kwenye kioo, na huo hupimwa kwa Hz. Hizi ni mashine mbili zisizosubiriana. Kadi inaweza kuchora picha 300 kwa sekunde huku monita ya 60 Hz ikionyesha 60 tu.

Geuza FPS kuwa muda na mambo yanaanza kueleweka. Kwenye fremu 30, kila picha inakaa milisekunde 33.3. Kwenye 60 ni 16.7, kwenye 144 ni 6.9, kwenye 240 ni 4.2. Kwa hiyo kutoka 30 kwenda 60 unaokoa milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Kutoka 60 kwenda 144 unaokoa 9.7. Kutoka 144 kwenda 240 ni 2.8 tu, ingawa umeongeza fremu 96. Ndiyo maana mtu aliyehama kutoka 30 kwenda 60 anashtuka siku ileile, na aliyehama kutoka 144 kwenda 240 huanza kuuliza kama kweli kuna tofauti. Fremu za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Kadiri unavyopanda, kila fremu moja inaokoa muda mdogo zaidi.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kitu kinachoonekana cha ajabu: fremu 40. Kwa namba, 40 iko karibu na 30. Kwa muda, milisekunde 25 ziko katikati kabisa ya 33.3 na 16.7. Mwaka 2021 studio ya Insomniac iliongeza chaguo la fremu 40 kwenye Ratchet & Clank: Rift Apart ya PlayStation 5, kwa wenye televisheni za 120 Hz. Sharti la 120 lina sababu: 120 ukigawa kwa 40 unapata 3, hivyo kila picha inaonyeshwa mara tatu kamili. Kwenye kioo cha 60 Hz, 40 haigawanyiki, na picha nyingine ingekaa zamu moja huku nyingine ikikaa mbili.

Jicho, filamu na mkono

Hoja inayorudi kila mara ni kwamba jicho halioni zaidi ya fremu 24, kwani sinema zina 24 na hakuna anayelalamika. Hoja hii inasahau kamera inavyofanya kazi. Kamera ya sinema inayopiga picha 24 kwa sekunde kwa kawaida huruhusu mwanga uingie kwa takriban 1/48 ya sekunde kwa kila picha. Kitu kinachosogea kinaacha ukungu ndani ya picha yenyewe, na ukungu huo ndio unaounganisha picha moja na inayofuata. Fremu ya gemu haina muda ndani yake. Ni kipande kimoja cha wakati, kikavu na chenye makali. Picha 24 za namna hiyo zikifuatana zinaonekana kama kitu kinachorukaruka.

Kisha kuna ukungu unaozalishwa na kioo chenyewe. Chukua kitu kinachovuka kioo cha Full HD, chenye upana wa pikseli (nukta za picha) 1920, kutoka kushoto kwenda kulia kwa sekunde 2, yaani pikseli 960 kwa sekunde. Kwenye 60 Hz kinasogea pikseli 16 kwa kila fremu. Jicho lako linakifuata kwa mwendo wa moja kwa moja, lakini picha imesimama milisekunde 16.7, inaruka, inasimama tena. Matokeo yake ni kwamba ndani ya jicho kitu hicho kinapakwa kwenye upana wa pikseli 16. Kwenye 120 Hz mpako unabaki pikseli 8, kwenye 240 ni 4. Sasa fikiria adui wa mbali mwenye upana wa pikseli 20. Kwa mtu anayevuna mazao kwenye gemu ya shamba, mpako wa pikseli 16 hauna madhara yoyote. Kwa anayetaka kumpiga adui huyo kichwani huku kamera inazunguka, adui mwenyewe ndiye aliyepakwa.

Sinema pia haikusubiri ufanye chochote. Kwenye gemu mkono unatuma amri na jicho linangoja jibu, na hapa kifaa unachotumia kinabadilisha kila kitu. Kipanya kinaweza kumgeuza mchezaji nyuzi 180 kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa fremu 30, mgeuko huo wote unaonyeshwa kwa picha tatu, kila moja ikiruka nyuzi 60, na katikati huoni kitu. Kwa 144 unapata picha 14 hivi, kila moja ikisogea nyuzi zisizofika 13. Pedi ya kuchezea haigeuki haraka hivyo. Kijiti chake kinazungusha kamera polepole, na mruko kati ya picha na picha unakuwa mdogo. Anayecheza gemu ya hadithi kwa pedi akiwa kwenye kochi mita mbili kutoka kwenye televisheni hadanganyi anaposema 30 inamtosha. Mpe kipanya, msogeze sentimita 60 kutoka kwenye kioo, fremu 30 hizohizo zitamchosha.

Mazoea yanatoka wapi

Waliokulia na PlayStation 2 kwenye televisheni za mfumo wa PAL, uliotumika Kenya, Tanzania na Uganda, walizoea 50 Hz. Baadhi ya gemu zilizotengenezwa kwa 60 Hz ya Japani na Marekani ziliingia kwenye PAL bila kurekebishwa vizuri, zikaenda polepole kwa karibu asilimia 17. Baadhi zilikuuliza mwanzoni uchague 50 au 60 Hz. Kwenye PlayStation 3 na 4, gemu nyingi kubwa za hadithi zilifungiwa kwenye 30, wakati gemu za mpira zililenga 60 kwa sababu chenga na mgeuko wa mchezaji huonekana vizito zikishuka hapo. Aliyepita njia hiyo anakuja kwenye kompyuta na kipimo chake kichwani: 30 ni kawaida, 60 ni raha.

Wakongwe wa kompyuta walipita njia nyingine. Kwenye Quake III Arena ya mwaka 1999, wachezaji waligundua kwamba wakifunga fremu kwenye 125 wanaruka juu kidogo na mbali kidogo. Gemu ilihesabu mwendo wa mchezaji fremu kwa fremu kwa milisekunde nzima, na 1000 ukigawa kwa 125 unapata 8 kamili. Jinsi namba zilivyokadiriwa kwenye hesabu hiyo ikampa mrukaji faida. Wa Counter-Strike 1.6 walitafuta fremu 100 kwenye monita za kioo kinene za 100 Hz. Kwa watu hawa FPS haikuwa urembo wa picha hata kidogo. Ilikuwa sehemu ya silaha, na ukali wao mpaka leo unatoka huko.

Ndiyo maana utawakuta wanataka fremu 200 kwenye monita ya 60 Hz, jambo linaloonekana upuuzi. Lina mantiki. Monita inapofika zamu yake huchukua picha iliyopo. Ikiwa kadi inachora 60 tu, picha hiyo inaweza kuwa imebeba amri ya kipanya iliyotolewa milisekunde 16 au zaidi zilizopita. Kadi ikichora 240, picha ya karibuni ina umri mdogo zaidi. Gharama yake ni kuchanika: sehemu ya juu ya kioo inatoka kwenye fremu moja na ya chini kwenye nyingine, mstari ukikata katikati. Mshindani anauvumilia mstari huo. Mtu anayetaka kutazama machweo ya jua ndani ya gemu hawezi, na yuko sahihi.

Wastani unaodanganya

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza fedha. Tuseme ndani ya sekunde moja kadi imechora fremu 59 kwa milisekunde 10 kila moja, halafu moja ikakwama kwa milisekunde 410. Jumla ni 1000, na kaunta itakuandikia FPS 60 safi. Lakini umekaa karibu nusu sekunde mbele ya picha iliyoganda. Fremu 60 zilizokaa milisekunde 16.7 kila moja zina FPS hiyohiyo, na ni gemu nyingine kabisa kuicheza.

Kwa hiyo acha kuuliza wastani peke yake. Angalia kipimo kinachoitwa 1% low, ambacho kinaeleza FPS ya asilimia moja ya fremu mbaya kuliko zote. Kompyuta yenye wastani wa 110 na 1% low ya 35 inagugumia. Yenye wastani wa 75 na 1% low ya 62 inateleza. Malalamiko mengi ya "FPS ndogo" kwa kweli ni ya fremu zisizolingana, na kuongeza wastani hakuyatibu. Hata 30 iliyofungwa vibaya, picha moja ikikaa 16.7 na inayofuata 50, inaonekana mbovu kuliko 30 yenye 33.3 zilizolingana.

V-Sync, mpangilio wa picha ulio kwenye gemu nyingi, huingia kwenye kundi hili. Kazi yake ni kuzuia kuchanika kwa kuilazimisha kadi isubiri zamu ya monita. Kwenye 60 Hz, fremu iliyochelewa hadi milisekunde 17 inakuwa imekosa zamu ya 16.7, hivyo inasubiri mpaka 33.3. Kadi inayoweza 58 inajikuta inatoa 30 kwa muda, kisha 60, kisha 30. Mchezaji anasema "inastaki". Monita zenye mwendo unaobadilika, G-Sync ya Nvidia kuanzia 2013 na FreeSync ya AMD iliyofuata, zilitatua hili kwa kuifanya monita isubiri kadi. Ukiwa nayo, fremu 52 au 71 zinaonekana safi bila mstari wala kigugumizi. Kwa mchezaji mwenye kadi ya kati, ningeweka fedha hapo kabla ya kununua kadi kubwa zaidi.

Kabla ya kutoa fedha

Anza na mipangilio, kwa sababu monita nyingi za 144 Hz zinatumika kwenye 60 bila mwenyewe kujua. Kwenye Windows 11 ingia Settings, System, Display, kisha Advanced display, uchague Hz ya juu kabisa. Isipoonekana, kagua kebo na tundu. HDMI 1.4 kwa kawaida inaishia 120 Hz kwa Full HD, HDMI 2.0 na DisplayPort 1.2 zinafika 144 hata kwa 2560 kwa 1440. Kwenye kompyuta ya mezani hakikisha kebo imechomekwa kwenye kadi ya grafiki, chini nyuma ya kasha, wala si kwenye tundu la ubao mama lililo karibu na matundu ya USB. Kosa hili linamfanya mtu acheze kwa grafiki za prosesa huku kadi yake imekaa bure.

Halafu pima. Weka programu za MSI Afterburner na RivaTuner, washa FPS, grafu ya muda wa fremu, na asilimia ya matumizi ya kadi. Cheza dakika kumi sehemu yenye vurugu. Kadi ikiwa kwenye asilimia 95 hadi 99, kadi ndiyo kikomo: punguza vivuli kwanza, kisha ukubwa wa picha. Full HD ina pikseli 2,073,600. Ukishuka hadi 1280 kwa 720 unabaki na 921,600, chini ya nusu. Kadi ikiwa kwenye asilimia 60 na fremu bado ni chache, kikomo ni prosesa, na kushusha ukubwa wa picha hakutabadilisha kitu. Punguza wingi wa watu na umbali wa kuona, funga kivinjari. Usidanganywe na prosesa kuonyesha asilimia 30: kwenye prosesa ya viini vinane, kiini kimoja kinaweza kuwa kimezidiwa kabisa huku vingine vimekaa.

RAM inastahili aya yake, hasa kwa laptop za ofisini za mtumba zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue. Nyingi huja na kipande kimoja cha GB 8. Grafiki za ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yake binafsi, zinaazima RAM. Kipande kimoja cha DDR4-2666 kinapitisha GB 21.3 kwa sekunde, viwili vinapitisha 42.7, kwa kuwa njia zimekuwa mbili. Fungua kifuniko cha chini, tazama kama kuna nafasi ya pili, na ongeza kipande cha ukubwa na kasi ileile. Kwa laptop isiyo na kadi, hakuna matengenezo ya bei hiyo yatakayokupa fremu nyingi zaidi. Na kama unatafuta kadi ndogo ya GT 1030, soma boksi: kuna yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye ya DDR4. Jina ni moja, ila ya DDR4 ina upana wa GB 16.8 kwa sekunde dhidi ya 48 za mwenzake, na inachezesha kama kadi ya daraja la chini kabisa.

Joto linawatesa zaidi walio pwani. Laptop inayoanza na fremu 60 na baada ya dakika 15 inashuka hadi 38 haina tatizo la gemu. Prosesa imekaribia nyuzi 95 au 100 na inajipunguza mwendo isiungue. Chumba cha Mombasa au Tanga chenye nyuzi 32 kinaifikisha huko mapema zaidi. Safisha vumbi kwenye mapezi ya kipoza, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka, inua sehemu ya nyuma sentimita 2 au 3 ili hewa ipite. Cheza ikiwa kwenye chaja. Laptop nyingi zikiwa kwenye betri hupunguza umeme wa kadi, na Battery Boost ya Nvidia kwa kawaida huifunga gemu kwenye fremu 30.

Mwisho wa mipangilio ni kufunga fremu kwa makusudi. Kwenye monita ya kawaida ya 60 Hz, shusha ubora mpaka 1% low ivuke 60, kisha funga kwenye 60. Kama haivuki hata kwa ubora wa chini, funga kwenye 30 na uache kuzungushwa kati ya 41 na 57. Kwenye monita ya mwendo unaobadilika, funga fremu tatu chini ya kilele chake, mathalani 141 kwa 144 Hz, ili usitoke nje ya eneo ambalo monita inaweza kusubiri.

Kuna malalamiko ambayo hayaponi kwa lolote kati ya hayo, nayo ni ya mtandao. Kama picha inasogea laini ukizungusha kamera, lakini wachezaji wengine wanaruka kutoka hapa hadi pale au risasi yako inahesabiwa kwa kuchelewa, hiyo ni ping, yaani muda ambao amri yako inachukua kwenda kwenye seva na kurudi. Kadi mpya haitaipunguza ping ya milisekunde 150 hata kwa moja. Tofautisha hivi: ingia uwanja wa mazoezi usiotumia mtandao. Kigugumizi kikibaki, tafuta ndani ya kompyuta.

Fremu za kubuni nazo zimechanganya hesabu. DLSS 3 ya Nvidia ya mwaka 2022 na FSR 3 ya AMD ya 2023 zinachukua fremu mbili halisi na kutengeneza ya kati. Kaunta inapanda kutoka 60 hadi karibu 110, na macho yanafurahi kweli. Mkono haupati kitu, kwa kuwa lazima fremu ya pili isubiriwe ndipo ya kati itengenezwe. Ucheleweshaji unaongezeka kidogo. Kuanzia fremu 60 halisi kwenye gemu ya hadithi, iwashe. Kuanzia 30, utaona gemu laini inayojibu kama imezama kwenye matope. Kwenye gemu ya ushindani, iache imezimwa.

Na kuna gemu ambazo fremu nyingi zinaziharibu, kwa sababu hesabu zake zimefungwa kwenye fremu. Dark Souls II ya kompyuta, iliyoendeshwa kwa 60, ilichakaza silaha haraka maradufu kuliko kwa 30, mpaka iliporekebishwa mwaka 2015. Grand Theft Auto: San Andreas ina kikomo kwenye mipangilio kinachoifunga kwenye 25. Wengi hukizima mara ya kwanza wanapoiweka kwenye kompyuta yenye nguvu, fremu zinapanda zinavyotaka, na mambo yanaanza kwenda kombo taratibu. Ukiona CJ, mhusika mkuu, anaogelea lakini hasogei, rudi kwenye mipangilio ya picha uwashe Frame Limiter.